Hodi ya Kiboko kwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kubishiana hodi kama sisi, palikuwa na bonde lililoitwa Bonde la Matete. Katikati ya bonde palikuwa na boma, na ndani ya boma nyumba tatu.

Ya kwanza iliitwa Nyumba ya Kutunga. Humo Mzee Kobe alikaa na wajumbe wa vijiji, wakalitafuna neno polepole mpaka likawa sheria. Ya pili, Nyumba ya Kuamua, ilikuwa ya Bi Bundi. Yeye aliitazama kila sheria kwa macho yake makubwa, aone kama inamwonea mtu. Ya tatu, Nyumba ya Kutenda, ilikuwa ya Bwana Kiboko. Sheria ikimfikia, yeye na askari wake Ngiri walikwenda kuitimiza, maana Kiboko alikuwa na nguvu.

Mambo madogo ya kila kijiji, kisima chake na vijia vyake, yaliachiwa baraza la kijiji chenyewe.

Neno likitoka nyumba moja kwenda nyingine lilibisha hodi. Aliye nje anaita "Hodi!", aliye ndani anajibu "Karibu!", ndipo neno linaingia. Hodi zikipigwa tatu bila jibu, neno linarudi lilikotoka, bila kununa. Ndivyo adabu ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo hata leo mkienda kwa jirani.

Basi, juu ya bonde, katika kijiji cha Mawe, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Ni mdogo, mnene kidogo, masikio mafupi, mkia hana kabisa. Alikuwa na watoto wanne, naye ndiye aliyekuwa msemaji wa baraza la Mawe. Kijiji kizima kilikunywa kutoka chemchemi moja, upana wake kama sinia la pilau.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Mto ulipungua mpaka ukawa tope, na mgongo wa Kiboko ukaanza kupasuka kwa jua.

Asubuhi moja Pimbi alikuwa akiteka maji. Mara, tifu! tifu! tifu! Ngiri huyo, mbio, mkia juu kama mlingoti wa bendera.

"Mama Pimbi! Nimetumwa! Nimetumwa..." Akasita. "Hivi nimetumwa nini?"

"Vuta pumzi, mwanangu. Litakuja."

"Ahaa! Chemchemi hii sasa ni mali ya boma. Kesho kutwa Bwana Kiboko atakuja kuoga humu."

Kibuyu kilimponyoka Pimbi, pu! "Kuoga? Humu? Akitia mguu mmoja tu, maji yote yatamwagika nje!"

"Mimi ni wa kutumwa tu, mama."

"Na Mzee Kobe aliitunga lini sheria hiyo?"

"Mzee Kobe ameambiwa akapumzike. Anachelewesha mambo."

"Bi Bundi je?"

"Ameambiwa mchana haoni vizuri, akalale. Funguo zote tatu ziko shingoni mwa Bwana. Asubuhi anatunga, adhuhuri anaamua, alasiri anatenda. Mambo chapuchapu!"

Ngiri akageuka, tifu! tifu! tifu!, akatoweka.

Pimbi alimtazama kitindamimba wake, aliyekuwa amelala kifudifudi akinywa, pua imezama majini. Kesho kutwa! Watoto hawa wangekunywa nini? Kupigana na Kiboko asingeweza. Hata kucha moja ya Kiboko ilimzidi uzito. Akakaa juu ya jiwe, akafikiri, akafikiri. Kisha akajifuta vumbi, akashuka bondeni.

Alimkuta Kiboko amejilaza uani, mdomo wazi, Ngiri akimpepea kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba! Umekuja kunililia?"

"Kulia? Nimekuja kukufagilia njia, Bwana. Huko vijijini wananong'ona. Wanasema lile neno la chemchemi halikubisha hodi."

"Nani kasema? Nitamtafuna!"

"Wengi, Bwana. Utachoka meno. Mimi nikasema, hii ni aibu! Mtu mkubwa kama Bwana Kiboko atasemwaje kama mdokozi wa jikoni? Liite bonde lote kesho asubuhi. Ulitoe neno lako nyumba hadi nyumba, kwa hodi, watu wakiona. Nani atathubutu kunung'unika tena?"

Kiboko alijiona tayari amevaa shada, watu wakimpigia vigelegele. "Mh! Kumbe una akili, we kidude. Ngiri! Piga mbiu!"

Pimbi akaaga. Hatua tatu, akarudi kama aliyesahau kitu.

"Lakini, Bwana, samahani. Anayejibu 'Karibu' ndiye mwenye nyumba. Usije ukamwambia Ngiri akae ndani akujibu. Leo atajibu hodi, kesho ataomba ufunguo."

Kiboko aligeuza shingo taratibu, akamtazama Ngiri.

"Mimi, Bwana?" Ngiri akaacha kupepea. "Mimi sijaomba hata kigoda!"

"Hakuna wa kujibu humu ila mimi!" Kiboko alinguruma. "Tangaza na hilo pia! Mnyama mwingine yeyote atakayejibu 'Karibu' ndani ya nyumba zangu, atafukuzwa bondeni!"

Pimbi aliinama sana, zaidi ya adabu inavyotaka, ili Kiboko asimwone anavyotabasamu.

Kulipokucha bonde zima lilikuja. Pundamilia walikuja na wana wao, nyani wakapanda ukuta, Mzee Kobe akafika mapema kwa kuwa aliondoka jana. Bi Bundi alitua juu ya nguzo, jicho moja limefumbwa. Pimbi alisimama mbele na watoto wake wanne.

Kiboko alitoka Nyumba ya Kutunga, shada la yungiyungi kichwani.

"Nimetunga neno!" akapaza sauti. "Chemchemi ya Mawe ni ya boma!"

Akavuka uwanja hadi Nyumba ya Kuamua. Ngo! ngo! ngo!

"HODI!"

Kimya.

Akasubiri. Panzi mmoja akaruka, tik, akatua kizingitini.

"Hodi ya kwanza," alihesabu Kobe.

Kiboko akachungulia dirishani. Ndani palikuwa na mkeka mtupu tu. Akakuna sikio. Kisha akajibana mlangoni, mbavu zikikwaruza miimo, krrr!, akaingia, akaketi.

"KARIBU!" akaita.

"Karibu nani, Bwana?" Pimbi aliuliza kwa upole.

"Karibu mimi!"

"Wewe si umeshaingia? Aliyeleta neno yuko wapi?"

Krrr! Kiboko akatoka tena, anahema. "Huyu hapa!"

"Haya. Na wa kumkaribisha yuko wapi?"

Nyani mmoja akacheka, kwi! kwi! kwi!, akajiziba mdomo.

"Nyamazeni!" Kiboko akafikiri kwa nguvu zake zote. Halafu akajisukuma mlangoni na kusimama papo hapo, kichwa ndani, makalio nje. "HODI! ... KARIBU!"

"Mama," kitindamimba wa Pimbi akauliza, na sauti yake ilisikika uwanja mzima, "anayebisha hodi ni makalio?"

Loo! Bonde likapasuka kwa kicheko. Pundamilia walianguka chali. Hata Bi Bundi alifumbua lile jicho lililofumbwa.

"Hodi ya pili," alisema Kobe, bila haraka. "Na kwetu, anayebisha na kujikaribisha mwenyewe kwenye nyumba huitwa mwizi."

Kiboko akajinasua, shada limemwangukia jicho. "Ngiri! Ingia ndani ujibu!"

Ngiri akarudi nyuma hatua moja. "Bwana, jana nilitangaza kwa amri yako. Nikijibu nafukuzwa bondeni."

"Basi usijibu!"

"Nisipojibu utanitafuna."

"Jibu! Hapana, usijibu! Jibu!"

"Ebo! Mimi nimetumwa wapi?" alilia Ngiri, akainua mkia, tifu! tifu! tifu!, akapotea matetini.

Sasa hakuna aliyecheka. Kiboko alisimama peke yake katikati ya nyumba zake tatu, funguo zinalia shingoni, chwa, chwa. Pimbi alijua hapa ndipo pa hatari. Alisogea hatua moja, akanena taratibu kama anayemlisha mgonjwa.

"Bwana, imebaki hodi moja. Isipojibiwa, neno linarudi, na bonde lote limeona. Amri yako inasema asijibu mtu katika nyumba zako. Lakini nyumba ikiwa na mwenyewe, mwenyewe akajibu, amri yako haikuvunjwa."

Kiboko alitazama funguo. Akamtazama Bi Bundi. Akawaza: nikimrudishia nyumba yake atanishukuru, na aliyeshukuru atanipa ninachotaka. Akavua ufunguo mmoja, akamrushia. Bi Bundi akaudaka kwa kucha, akaingia kwake, akafunga mlango.

Ngo! ngo! ngo!

"Hodi," aliita Kiboko. Safari hii kwa sauti ya kawaida.

"Karibu," akajibiwa kutoka ndani.

Alipolisikia neno hilo kwa sauti ya mwingine, hata Kiboko mwenyewe alishusha pumzi.

"Sheria hii ameitunga nani?" Bi Bundi aliuliza.

"Mimi."

"Wa kutunga ni Kobe na wajumbe. Mimi huamua, wewe hutenda. Na chemchemi ni ya nani?"

"Ya... ya Mawe."

"Kisima cha kijiji huangaliwa na baraza la kijiji. Ulibisha hodi Mawe?"

Kiboko alitazama vidole vya miguu yake.

"Basi neno lirudi lilikotoka."

"We Pimbi!" Kiboko alinguruma, akainua mguu. "Umenitega!"

Watoto wanne wakajificha nyuma ya mama yao. Pimbi hakusogea. "Nilikufagilia njia tu, Bwana. Aliyetaka kuipita peke yake ni wewe."

Kiboko akatazama huku na huku. Pundamilia walikuwa wameshasimama, nyani wameshuka ukutani, bonde zima limemkodolea macho, na adabu ile ya hodi yeye mwenyewe ndiye aliyewaita waje kuitazama. Akashusha mguu. Kobe alikuwa amekwisha fika mbele yake, ananyoosha mkono. Kiboko akamtupia ufunguo wake, chwa!

Alasiri ile, mgongo ukimwaka moto, Kiboko alipanda polepole hadi kijiji cha Mawe. Akasimama mbali na chemchemi.

"Hodi," akaita.

"Nani?" aliuliza Pimbi kutoka mwambani.

"Ni mimi, Kiboko. Naomba maji."

"Subiri kwanza. Tunakaa baraza."

Na Kiboko akasubiri! Alisikia mapimbi wakibishana humo ndani, huyu akikataa, yule akikubali, kitindamimba akichangia asiloulizwa. Mwishowe Pimbi akatokeza kichwa.

"Karibu! Lakini miguu ibaki hapohapo ilipo. Tutakumwagia vibuyu kumi mgongoni kila alasiri, mpaka mvua zije."

"Ahsante, Mama Pimbi," alisema Kiboko, akafumba macho, na maji yakamshukia, chwaa!

Ndiyo maana, wanangu, madaraka ya nchi hugawanywa: ili kila anayebisha hodi awe na mwingine ndani wa kumjibu, hata kama jibu ni hapana.