Sufuria Iliyopotea Mbele ya Adui

Fumba macho kidogo, umwone mbuzi. Ni beberu mweupe mwenye ndevu chafu, anatembezwa polepole kuzunguka nyumba yenye msiba, na shingoni mwake inaning'inia nishani ya vita. Nyuma yake anatembea mzee mwenye fimbo, amekaza uso kama anayesindikiza mkuu wa majeshi. Waombolezaji wameziba midomo kwa kanga, hawajui wacheke au walie. Beberu mwenyewe hana habari. Anajaribu kuula utepe.

Umemwona? Basi fumbua macho, nikueleze amefikaje hapo.

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, bali zamani ya karibu ambayo bado ina watu wanaoikumbuka, katika kijiji cha Uhehe kilichoitwa Ilulasenga alizikwa mzee aliyeitwa Kihwele. Ujanani alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la wakoloni lililowachukua vijana wetu hadi Bama, kule Asia, wakapigane vita visivyo vyao. Alirudi na nishani moja na tabia moja ya ajabu. Kila alipokutana na punda njiani, alisimama wima, akavua kofia, akampigia saluti. Mkewe alisema vita vimemharibu kichwa. Punda hawakulalamika.

Yule mzee mwenye fimbo aliitwa Gama. Alikuwa Mngoni, alikwenda Bama pamoja na Kihwele, na baada ya vita akaoa na kuhamia Ilulasenga. Sasa, Wahehe na Wangoni walipigana sana zamani, na walipochoka kupigana wakawa watani. Mtani akija msibani kwako ana ruhusa ya kukuchekesha ukiwa na machozi, na ana ruhusa ya kunyakua kitu cha marehemu. Ukikitaka, utakikomboa. Gama alinyakua nishani, akamvisha beberu wake, akatangaza, "Mkiitaka, nileteeni jogoo."

Kalisti, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikasirika. "Nishani ya shujaa haikombolewi kwa kuku," alisema.

"Unataka ikombolewe kwa nini? Bata?" aliuliza dada yake, Veneranda.

Kalisti hakutoa kuku wala bata. Beberu akaenda zake na nishani yake.

Miaka ikapita. Nishani haikuwapo, lakini hadithi yake ilikuwapo, na hadithi hiyo ilinenepa. Kwanza ilisemwa kwamba Mzee Kihwele alimnyang'anya adui bunduki. Halafu bunduki ikawa mzinga. Halafu mzinga ukawa kifaru. Skolastika, binti yake Kalisti, alipokuwa mkubwa na kuwa fundi cherehani, babu yake alikuwa tayari ameangusha ndege kwa jiwe.

Mwaka huo kijiji kilitangaza jambo. Siku ya Mashujaa, mtu mmoja atavaa nishani ya mzazi wake na kuweka shada kwenye mnara kwa niaba ya Ilulasenga nzima. Lakini ni lazima aeleze, mbele ya watu, nishani hiyo ilipatikanaje.

Mzee Kalisti, ambaye sasa alitembea kwa kushika kuta, alimwita binti yake. "Skola mwanangu," alisema, "nimemsifu baba maisha yangu yote kwa kubahatisha. Siwezi kwenda mnarani na habari za jiwe na ndege. Nitafutie alifanya nini hasa, halafu niivae siku moja tu. Siku moja inanitosha."

Skolastika alimshonea baba yake koti la kaki, na kifuani akaweka kitanzi kidogo cha uzi, mahali pa kuning'iniza nishani. Kisha akapanda basi kwenda mjini, kwenye nyumba inayohifadhi kumbukumbu za zamani.

Dada wa masijala alimletea kadi iliyokuwa na rangi ya chai. Maandishi yalikuwa ya Kizungu, kwa hiyo akamsomea.

"Kihwele. Kazi yake, mpishi."

"Mpishi?"

"Mpishi. Tabia yake, nzuri. Halafu wameandika hapa, asipewe bunduki tena."

"Tena?" aliuliza Skolastika. "Kwa nini tena?"

"Hawajasema. Nishani, hakuna. Halafu kuna hili la mwisho." Dada wa masijala alisogeza kadi karibu na dirisha, akajikaza asicheke. "Amepoteza sufuria kubwa ya kikosi mbele ya adui."

Utotoni Skolastika alikuwa ameiona nishani ile kwa macho yake, shingoni mwa mbuzi. Ingewezekanaje isiwepo?

"Itazame ukingoni," alishauri dada wa masijala. "Nishani nyingine zimechongwa namba ya askari. Namba ya babu yako ni hii hapa."

Skolastika alirudi nyumbani akiwa na namba kichwani na sufuria moyoni. Baba yake alipouliza, alisema tu, "Bado natafuta, baba." Kisha akachagua jogoo.

Alikwenda na shangazi yake, Veneranda, ambaye alisema jogoo wa ukombozi hawezi kusindikizwa na mtu mmoja. Jogoo alipakiwa kapuni, na kapu likapakiwa juu ya punda wa shangazi. Veneranda alikuwa amefuga punda maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu.

Mzee Gama alikwishafariki. Nishani ilikuwa kwa mwanawe, Longino, aliyekuwa rika la Kalisti, na aliyekuwa akinywa chai kwenye kikombe kikubwa cha bati.

"Shikamoo, mtani," alisema Skolastika.

"Marahaba, mateka wangu. Naona umeleta njiwa."

"Ni jogoo. Na mateka ni wewe. Wazee wenu walikuja kwetu kuomba chumvi wakasahau njia ya kurudi."

"Chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga." Longino alimpima jogoo mkononi. "Huyu ana mafua."

"Amechoka kungoja," alisema Veneranda. "Tangu msiba."

Jogoo alikubaliwa. Akachinjwa, akapikwa, akaliwa, na Longino alikula mapaja yote mawili. Mifupa ilipobaki mitupu, alinawa mikono, akaingia chumbani, akatoka na nishani iliyong'aa kama mpya. Skolastika aliigeuza kwenye mwanga, akasoma ukingoni.

Haikuwa namba ya babu yake.

"Siyo yake," alisema.

"Nipe nione," alisema Longino. Alisoma namba, akainamisha kikombe chake cha bati, akamwaga chai iliyobaki, akakigeuza. Chini ya kikombe ilikuwa imechongwa kwa msumari namba ileile. "Hiki ni kikombe cha baba alichokuwa nacho Bama," alisema polepole. "Kumbe mzee alikuwa anasema kweli. Na sisi tulikuwa tunamcheka."

"Alisema nini?"

Longino akaketi vizuri, na hiki ndicho alichosimulia.

Asubuhi moja kule Bama, ukungu ukiwa mzito, adui alikuwa amejificha bondeni, tayari kupanda kuivamia kambi. Kambini hakuna aliyejua. Kihwele alikuwa anapika uji kwenye sufuria kubwa ya kikosi. Pembeni alisimama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, amefungwa masufuria mgongoni. Askari walimwita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kupita nyuma yake.

"Nyigu akamuuma Mama Mkwe," alisema Longino. "Mama Mkwe akarusha teke, akatimka bondeni na masufuria yake. Sufuria ya uji ikaanza kubingirika kuelekea bondeni, uji unaruka huku na huku, wa moto. Baba hakuwa amekula tangu jana yake. Akaifuata mbio huku anapiga kelele. Ofisa aliyekuwa kilimani aliona Mngoni mmoja, peke yake, bila silaha, anawakimbilia adui akinguruma. Akaandika ni ushujaa."

"Alikuwa ananguruma nini?"

"Uji wangu."

Skolastika aliziba mdomo kwa kanga, kama waombolezaji wa siku ile. "Na babu?"

"Babu yako alikuwa nyuma ya baba, ukungu umemficha. Anamkimbiza kwa mwiko. Alidhani baba anataka kula kabla ya foleni."

Adui bondeni walisikia masufuria, wakasikia ngurumo, wakamwagiwa uji wa moto ukitokea ukunguni, wakaamini jeshi zima limewashukia na silaha mpya. Walikimbia wakaacha hata viatu. Jioni yake Gama alipewa sifa, na Kihwele akaandikiwa kosa la sufuria. Nishani ilipokuja, Gama alimtupia Kihwele. "Chukua bati lako, Mhehe," alimwambia. "Bila uji wako ningekuwa nimelala." Lakini alipokufa Kihwele, utani ni utani, Gama akalinyakua tena bati hilo.

Hapo ndipo kesi ilipoanza.

"Nishani ni yetu, na sababu ninayo," alisema Longino. "Namba ni ya baba. Miguu iliyokimbia ni ya baba. Ofisa aliandika jina la baba. Tena nimeisugua kwa majivu miaka yote hii."

"Nishani ni yetu, na sababu ninayo," alisema Skolastika. "Uji ulikuwa wa babu. Bila uji, baba yako asingekimbia hata hatua. Yeye mwenyewe alikiri, akampa babu kwa mkono wake. Halafu mlisema mnataka jogoo. Jogoo yuko wapi?"

Longino alitazama mifupa. "Jogoo nilimla kabla sijajua namba."

"Ulikula mapaja yote mawili."

"Mateka wangu, usiingize mapaja kwenye kesi."

Wakati wote huo Veneranda alikuwa anamkuna punda wake masikio. Sasa akakohoa.

"Nishani si yenu nyote wawili, na sababu ninayo," alisema. "Baba alinisimulia mimi peke yangu, nikiwa mtoto wake wa mwisho, akanikataza kusema kwa sababu alionea haya ile sufuria. Mngoni alifuata tumbo lake. Baba alifuata Mngoni. Mama Mkwe ndiye aliyetangulia kwa adui, na masufuria yale yaliyowatisha yalikuwa mgongoni mwake. Baba alisema, kama kuna aliyestahili nishani, ni yeye. Mnadhani zile saluti barabarani zilikuwa za nini?"

Skolastika akageuka kumtazama punda, kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Shangazi," alisema, "nyumbu hazai. Hakuacha mtoto wa kurithi."

"Ndiyo maana nafuga punda. Ndiye ndugu wa karibu."

"Kwa hiyo, mtani," aliuliza Longino, "Siku ya Mashujaa punda wako ndiye avae nishani mbele ya mnara?"

"Beberu wenu alivaa. Punda wangu ana kosa gani?"

Walibishana mpaka mchuzi ukaganda, kisha wakashika njia ya kwa Mzee Kalisti. Skolastika alishika utepe upande mmoja, Longino akashika upande wa pili, na punda akafuata nyuma, maana Veneranda alisema kesi yake haiwezi kusikilizwa akiwa hayupo.

Mzee Kalisti alikuwa ameketi barazani. Alikuwa amevaa lile koti la kaki, amefunga vifungo vyote, na kidole chake kilikuwa kinachezea kile kitanzi cha uzi kifuani.

"Mmeileta?" aliuliza.

Skolastika alimsimulia yote, hakuficha kitu. Alisema mpishi. Alisema sufuria. Alisema asipewe bunduki tena. Na kila neno lilipomtoka, aliogopa kuutazama uso wa baba yake, kwa sababu alijua anamwondolea kifaru, anamwondolea ndege, anamwachia mwiko.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Longino akampiga mgongo, akafuta macho kwa mkono wa koti jipya.

"Nilikuwa namwogopa yule mwenye jiwe," alisema. "Huyu wa mwiko ndiye baba yangu. Alinikimbiza nao hata mimi." Akaitazama nishani ikining'inia kati ya Mhehe na Mngoni. "Natamani kuivaa. Lakini mimi ni mtoto wa mpishi, siwezi kuamua kesi ya mpishi. Waulizeni watu wengine."

Ndiyo maana nimekuja kwako. Kesho ni Siku ya Mashujaa. Koti limepigwa pasi na kitanzi kiko wazi. Longino amepaka viatu rangi. Punda ameogeshwa, ingawa hakuomba. Yuko mpishi aliyepika uji, akapewa nishani kwa mkono wa rafiki, na mjukuu wake akaikomboa kwa jogoo halali. Yuko mkimbiaji ambaye namba yake iko ukingoni. Na yuko Mama Mkwe, aliyetangulia mbele ya wote bila kujua anakwenda wapi.

Je, nani alistahili? Na kesho, mbele ya mnara, ivaliwe na nani?

Fikiri taratibu, sina haraka. Ila kabla hujanijibu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu, ambalo Veneranda aliliongeza jioni ile alipokuwa anamfunga punda wake: walioshuka bondeni asubuhi ile walikuwa watatu, na waliorudi kambini ni wawili.