Vidole Vilivyonasa Hariri

Katika karakana ile ya magauni ya harusi, mafundi hawakuingia kwa miguu tu, waliingia kwa vidole. Karibu na mlango palitundikwa kipande cha hariri nyeupe, nyepesi kama utando wa buibui. Kila asubuhi, kila fundi alipitisha vidole vyake juu ya kipande hicho huku mwenye karakana amesimama pembeni, miwani imeshuka puani, masikio ameyatega. Vidole vikipita kimya, fundi alikwenda kuketi kwenye meza ndefu ya mbele, palipo na dirisha na mwanga, akashona magauni. Kidole kikinasa uzi, hata kwa mlio mdogo kama wa mende anayekwaruza boksi, mwenye nacho alielekezwa chumba cha nyuma akapinde shuka za hoteli. Hakukuwa na kugombana wala kubembelezana.

"Hariri haina shemeji," mwenye karakana alizoea kusema.

Fundi waliyemwita Pindo, kwa sababu hakuna aliyeweza kupinda ukingo wa gauni kama yeye, alikuwa hajawahi kunasa. Jambo hilo liliwashangaza wenzake, maana ngozi yake ilikuwa ya shida tangu alipozaliwa: kavu kama ganda la kitunguu, na nyepesi ya kukasirika kuliko mama mkwe aliyecheleweshewa chai. Sabuni yenye manukato ilimvimbisha. Sweta ya sufu ikimgusa shingoni alijikuna mpaka machozi yakamtoka. Upepo mkavu ukivuma, midomo yake ilipasuka kabla hajamaliza kusalimia.

Aliyemvusha katika shida hiyo alikuwa shangazi yake, aliyewalea yeye na mdogo wake baada ya wazazi wao kufariki. Shangazi huyo hakuweza hata kuomba chumvi bila kutega kitendawili.

"Kitendawili!" alimwambia Pindo siku moja, alipomkuta bado mtoto, anajikuna mpaka anatoka damu.

"Tega."

"Nina nguo moja, nilishonewa tumboni mwa mama. Haina mshono wala kifungo, na ikichanika fundi wake hapatikani sokoni."

"Gunia!"

"Gunia la tumboni? Ala! Nipe mji." Akapewa mji. "Nimekwenda, nimekula, nimeshiba. Jibu ni ngozi, mwanangu. Wenzako wamepewa ya turubai, wewe umepewa ya hariri. Basi ishike kama hariri."

Tangu siku hiyo Pindo aliishika hivyo. Alioga maji ya uvuguvugu, tena upesi, wala hakukaa majini kama nguo iliyolowekwa. Sabuni yake ilikuwa nyeupe, haina harufu, na aliitumia kwapani, miguuni na palipochafuka tu. Kwingine maji yalitosha. Hakujisugua kwa taulo. Alijigusagusa kwa kipande cha shuka kuukuu la pamba. Kisha, kabla unyevu haujamkauka, alijipaka mafuta ya mgando, yale ya kopo dogo yanayopatikana katika kila kiduka. Jua likichachamaa alivaa mikono mirefu na kofia pana. Kila aliponawa mikono aliipaka tena, na wakati wa kulala aliipaka zaidi, akaivika soksi za pamba.

"Wenzangu wana dada," mdogo wake alimtania kila alipomwona kitandani na soksi zake mikononi. "Mimi nina golikipa!"

Basi miaka ikapita, ukafika wakati wa mdogo wake huyo kuolewa. Mwenye karakana, ambaye moyo wake haukuwa mkali kama ulimi wake, alimruhusu Pindo amshonee gauni pale pale kwenye meza ya mbele, kwa kipande cha mwisho cha jora ambalo halikuwa likitengenezwa tena.

"Ni hicho tu," alimwonya. "Ukikiharibu, usinitazame machoni."

Pindo hakuona la kuogopa. Tangu walipobaki yatima alikuwa amemwahidi mdogo wake kwamba siku ya kuolewa atavaa gauni lililoshonwa na dada yake mwanzo hadi mwisho, ili asijione kama mtu aliyetoka nyumba isiyo na mama. Ahadi hiyo ndiyo aliyoamka nayo na kulala nayo.

Siku ya kupima, bibi harusi mtarajiwa alisimama juu ya kibao, gauni limemkaa kama maji yaliyomiminwa.

"Dada, nitalia."

"Usithubutu. Machozi yanaacha doa."

"Lakini nina ombi. Siku yenyewe, tafadhali, usijipake lile limafuta lako. Utameremeta kwenye picha kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Wapiga picha watazima taa zao!"

Mafundi wakaangua kicheko. Pindo naye alicheka, meno yote nje. Hata hivyo, neno lile lilimchoma kama pini iliyosahaulika ndani ya mshono: haionekani, lakini kila ukijigeuza unaisikia.

Jirani na karakana palikuwa na duka la vipodozi, vioo kuanzia sakafuni mpaka darini. Mwenyewe aliitwa Bi Kioo, kwa kuwa alizungumza na mteja huku akijitazama nyuma ya bega la mteja huyo. Jioni ile Pindo alijikuta mbele yake.

"Unapaka nini usoni, mwenzangu?"

"Mafuta ya mgando."

"Ala, yale ya kulainishia bawaba za mlango!" Bi Kioo aligonga meza kwa kucha. "Mwanamke mzima, fundi wa maharusi! Huoni aibu?"

"Ngozi yangu inakasirika upesi."

"Imedekezwa hiyo. Ngozi ni kama mtoto, ukiibembeleza inakupanda kichwani."

Akampangia chupa mezani: ya kuoshea yenye povu jingi, ya kusugulia yenye punje kama mchanga, maji makali ya kuambua ngozi kuukuu, na losheni yenye harufu ya maua ambayo Pindo hajapata kuyaona.

"Na ikiwasha?" Pindo aliuliza.

"Ikiwasha ujue imefika."

Pindo akalipa akiba aliyokuwa ameitunza, akatoka na mfuko unaogonganagongana kama chupa za soda. Alipofika nyumbani alizipanga juu ya meza ya kioo, na kopo la zamani akalisukuma nyuma. Shangazi alipita, akatazama, akarudi kinyumenyume.

"Kopo limekugomea, au wewe ndiye uliyeligomea?"

"Zama zimebadilika, shangazi."

"Zama, naam. Ngozi je? Nayo umebadilisha?"

"Shangazi, kila jambo kwako ni kitendawili."

"Hiki si kitendawili, mwanangu. Hiki ninakuuliza." Akaenda zake.

Mwanzoni mambo yalikuwa moto wa kuotea mbali. Uso wa Pindo ulikuwa laini, hauna mng'ao wa mafuta, na kila alipopita aliacha harufu nyuma yake. Mdogo wake alimkumbatia, akamnusa shingoni. "Dada! Kumbe ulikuwa umejificha!" Neno hilo lilimwingia Pindo kama asali. Pale alipoanza kusikia moto mashavuni kila akinawa, alikumbuka maneno ya Bi Kioo, akauma meno.

Halafu ngozi ikaanza kuambuka, kwanza pembeni mwa pua, kisha shingoni, kisha kwenye vidole vilivyochota na kusugua dawa hizo asubuhi na jioni. Hapo Pindo akafanya kosa ambalo fundi cherehani tu angelifanya. Fundi akiona mshono unafumuka, hauachi. Hupitisha mshono mwingine juu yake, akiona bado hupitisha wa tatu. Naye ngozi yake aliipigia hesabu hiyo hiyo. Ilipochubuka akaongeza losheni. Ilipotoa magamba akaisugua kwa zile punje ili iwe sawa. Ilipokataa kuwa sawa akaimwagia maji makali. Alisahau kwamba kitambaa hakina uhai, na ngozi inao.

Asubuhi moja, harusi imekaribia na gauni limebaki ukingo wa chini peke yake, alipitisha vidole vyake kwenye kipande cha mlangoni. Krrr.

Mafundi wote wakageuka. Hata vyerehani viliacha kulia.

"Rudia," mwenye karakana akasema taratibu.

Akarudia. Krrr. Uzi mmoja ukatoka na kidole chake, ukaning'inia.

"Chumba cha nyuma."

"Bibi, nakusihi. Umebaki ukingo tu. Ni gauni la mdogo wangu."

"Ndiyo maana nakupeleka nyuma. Tuliza mikono yako, ngozi ikipona utarudi. Isipopona, mwenzako ataumalizia. Ukingo ni ukingo."

Kwa Pindo, ukingo haukuwa ukingo tu. Alikaa na shuka za hoteli mapajani, lakini moyo wake ulikuwa meza ya mbele. Saa ya chakula mafundi walipotoka na mlango wa mbele ukarudishwa, aliinuka akanyata. Alilifunua gauni, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza.

Hariri ilimkamata tangu mguso wa kwanza. Kila alipoishika ilimng'ang'ania, na kila alipojinasua ilitoa nyuzi. Akajikaza kisabuni, akavuta ukingo kwa nguvu ili amalize kabla wenzake hawajarudi. Ngozi iliyochubuka kwenye kidole cha shahada ikapasuka. Tone la damu likaangukia upande wa mbele wa gauni, mahali ambapo kila jicho lingetua.

Kila fundi anajua kwamba damu yako huondolewa kwa mate yako. Pindo akatia mate, akafuta. Doa likafifia, lakini vidole vyenye magamba vikainyanyua hariri ikasimama manyoya. Akafuta tena ili kuyalaza manyoya. Damu nyingine ikatoka. Akafuta na hiyo. Alifuta, akafuta, akafuta, mpaka akaona meza upande wa pili. Hariri ilikuwa imetoboka.

Mafundi waliporudi walimkuta amekaa sakafuni, gauni limejaa mapajani mwake, mikono ameinyanyua hewani kama mtu aliyekamatwa. Mwenye karakana hakumfokea. Aliinama, akalitazama tundu, akavua miwani yake.

"Kitambaa hiki hakipo tena," alisema.

Mdogo wake alipoitwa na kuonyeshwa, alipitisha kidole kwenye lile tundu. Kisha akayatazama mashavu ya dada yake yaliyochunika, akavitazama vidole.

"Haya yote kwa ajili gani?"

"Ulisema nitameremeta kwenye picha."

"Dada," akasema. "Mimi nilikuwa natania tu."

Pindo alikwenda zahanati. Daktari alizisikiliza habari za zile chupa, akatikisa kichwa, akamwambia azitupe zote.

"Na zamani ulikuwa unatumia nini?"

Pindo akamweleza: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na harufu, mafuta kabla ya unyevu kukauka, soksi za pamba.

"Hiyo ndiyo dawa niliyotaka kukuandikia. Ilikuwa ikikudhuru?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini uliiacha?"

Pindo alijifunika mashavu kwa viganja. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Siku ya harusi, mdogo wake alivaa gauni la kukodi. Lilikuwa limepwaya kiunoni, na kwapani lilikuwa na harufu ya mbali ya maharusi wengine. Mgongoni lilikuwa na vifungo vidogo vidogo vilivyoviringwa kwa satini, vya kupitishwa kwenye vitanzi vya uzi. Chumba kilijaa marafiki wanaochekacheka. Pindo, aliyejifunika mtandio mpaka machoni, alisogea kutoka pembeni.

"Niachie nikufunge mimi. Hili tu."

Wote wakampisha. Alishika kifungo cha kwanza. Kitanzi kikanasa kwenye mpasuko wa kidole. Alijaribu kukinasua, kikavutika, uzi ukalia. Bibi harusi akakaza mabega.

"Acha tu, dada," akasema kwa upole. "Utajiumiza."

Alisema utajiumiza, lakini Pindo alimwona kwenye kioo. Macho ya mdogo wake hayakuwa kwenye vidole vya mtu. Yalikuwa kwenye gauni.

Rafiki mmoja akaja, akafunga vifungo vyote kwa haraka, huku akiimba. Kisha wakatoka kwa vigelegele, magari yakapiga honi, kelele zikaenda zikipungua mpaka barabara ikatulia. Pindo alibaki ameketi kando ya kitanda kilichotapakaa nguo. Picha zilipigwa nyingi siku ile, na katika zote hayumo.

Alirudi kwenye matunzo yake ya zamani, na baada ya miezi uso ulitulia. Vidole havikutulia. Ngozi iliyokwisha kuchokozwa ilijifunza ukali. Ilipasuka kwa baridi, kwa vumbi la chaki ya fundi, hata kwa uzi wa pamba. Meza ya mbele alipewa mtu mwingine, naye Pindo yuko chumba cha nyuma hadi leo, anapinda shuka ambazo hakuna anayezitazama. Bi Kioo alihama na chupa zake, akaenda kufungua duka kwingine. Hakujua hata jina la mteja wake yule. Wa kale waliyajua mambo haya kabla hata ya vioo kuwekwa madukani, ndipo wakamwonya kila mwenye kidogo chake kinachomfaa: usiache mbachao kwa msala upitao.