Tindikali na Pingu ya Jini Harkusi

Katika mji wa Sarandi, uliojengwa kwa mawe mekundu chini ya mlima, alitawala Sultani Ghalibu bin Mundhiri, na enzi yake ilikuwa na fahari kubwa, hata jini Harkusi alipoziba chemchemi zote na kunguruma, "Nipe binti yako, nami nitawapa maji." Watu walikuwa wakifa kwa kiu njiani, na Sultani akamtoa Durra, mwanawe wa pekee, na maji yakarudi, na tangu hapo hakuna aliyemwona Sultani akicheka.

Majuto yalipomzidi, alitangaza kwamba atakayemrudisha Durra atamwoza na kumpa nusu ya hazina. Mashujaa wakapanda mpaka pango la Harkusi mlimani na misumeno na nyundo, lakini pingu iliyomfunga Durra mguuni ilikuwa na sihiri: ikiguswa na chombo cha chuma hupiga ukelele, na Harkusi huja akiwaka moto, na mifupa yao ilibaki humo pangoni.

Ndipo akaondoka Idarusi, sonara aliyezoea kusafisha madini kwa tindikali, naye hakuchukua chuma chochote ila mtungi wa tindikali, kiriba cha maji, bakuli la udongo na donge la nta. Akajificha mpaka jini alipokwenda kuwinda, kisha akaingia, akamkuta Durra ameketi kati ya mifupa, amekonda, macho makavu.

"Rudi, ndugu yangu," akasema Durra. "Sina tena machozi ya kumlilia mtu."

"Sikuja na msumeno, Bibi. Nimekuja na kitu kisichopiga kelele."

Akamkandika nta mguuni, akaizimua tindikali kwa maji mengi na kuidondosha juu ya pingu. Vipovu vichache vikatoka, vidogo kama vya sufuria iliyoanza kupata moto. Jua likapanda, likapinduka, na chuma kilikuwa kimekwanguka kidogo tu.

"Mbona inakula polepole hivi?" akauliza Durra.

"Nimeizimua, Bibi, nikiogopa isikuunguze."

"Harkusi hurudi jua linapotua. Ongeza ukali."

Akapunguza maji, na vipovu vikazidi, na chuma kikaanza kupata joto. Akapunguza tena, na pingu ikachemka kwa sauti ya mafuta kikaangoni, lakini kivuli cha mlima kilikuwa kimekwisha kufika mlangoni. Idarusi akausimamisha mkono.

"Iliyobaki ni tindikali tupu, haina hata tone la maji. Itakila chuma upesi, lakini nta itayeyuka, na mguu wako utaliwa pamoja nacho. Siwezi, Bibi."

"Baba yangu alisema anaweza, akanitoa," akajibu Durra. "Nawe waniambia huwezi, na wote mwaniacha papa hapa. Mimina!"

Akamimina. Povu likafoka, moshi mkali ukajaa pango, nta ikayeyuka, na Durra akauma ushungi wake hata ukachanika meno yakigongana. Idarusi alilia badala yake. Chuma kikakonda kama uzi, kikakatika kwa mlio uliotikisa mlima.

Akambeba mbio, wakafika nyuma ya jabali la nje huku Harkusi akishuka kama kimondo na kuingia pangoni. Humo ilikuwa imejaa hewa iliyotoka katika vile vipovu, nayo ni hewa inayoshika moto. Ilipokutana na mwili wa jini ikalipuka, na mlima ukamwangukia Harkusi na mifupa yote. Idarusi alikuwa amemfunika Durra kwa kifua chake, na uso wake ulielekea mwali. Hakuona tena mwangaza wa jua.

Waliingia Sarandi hivyo, kipofu amembeba kilema, na kilema akimwelekeza njia. Sultani akatimiza ahadi, na harusi ikapigwa ngoma, na hazina ikagawanywa, na mguu wa Durra ukakatwa chini ya goti. Sultani alipoinama kuomba radhi, Durra akambusu mkono kwa adabu na kusema, "Mungu akuhifadhi, ewe Sultani," wala hakumwita baba mpaka siku aliyomzika.

Na wazee wa Sarandi huwaasa watoto wao: ukali ukizidi, kazi huisha upesi, lakini hauli chuma peke yake, basi anayetaka upesi na ajue kwanza ni mwili wa nani utakaolipa.