Pingili ya Kidole cha Siwema

Wenye njaa vumilieni, wenye maneno nyamazeni. Chungu kimeshainjikwa, na mimi nikianza sirudi nyuma. Mmeniuliza kwa nini wapishi wa bonde hili tukipika wali tunatumbukiza kidole chunguni. Haya, sikieni.

Hapo kale kufanya hivyo ilikuwa aibu. Mtoto alipigwa kofi, na mke alirudishwa kwao akafundwe upya. Watu walipima kwa kibaba. Tabu ni kwamba kibaba hakikuwa kimoja. Watu wa Vichakani walichonga chao kwa mti, kikubwa, na mchele waliujaza mpaka ukafanya kilele. Watu wa Dimbwini, ng'ambo ya mto, walitumia kifuu cha nazi, nao walipitisha kiganja juu yake ukawa sawasawa. Kila mji ulikiita chake kibaba, na ukisema kuna kingine umetafuta ugomvi.

Siwema alizaliwa Vichakani akaolewa Dimbwini. Wiki ya kwanza ya ndoa alipima mchele kwa kifuu cha wakwe zake, maji akayatia kwa mazoea ya mama yake, ukatoka uji. Mawifi walicheka mpaka wakashika mbavu. Akajifunza polepole kwamba vibaba viwili vya kwao ni vitatu vya pale, lakini kila alipobadili chungu hesabu ilimchosha. Basi akiwa peke yake jikoni akawa anatia kidole cha shahada. Ncha ikigusa mchele na maji yakifika pingili ya kwanza, wali ulitoka umenyooka, chungu kiwe kikubwa au kidogo. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Angeanzia wapi?

Mwaka mmoja miji ile miwili iligombania mfereji wa mashamba ya mpunga. Watu wakakatana mapanga. Dimbwini wakamkamata Kibwana, ndugu pekee aliyebaki kwa Siwema, wakamfunga kamba nyumbani kwa Mzee Ungando. Na Mzee Ungando, mkuu wa mji, ndiye baba mkwe wa Siwema. Kwa hiyo kila asubuhi alimpelekea kaka yake maji, na kila asubuhi alimkuta kamba imezidi kumla mikononi. Roho ilimuuma, lakini aseme na nani?

Wazee walikubaliana kupika chungu cha sulhu. Desturi hiyo ilikuwepo, ila walipatanishwa kwayo majirani wa mji mmoja tu. Kati ya miji miwili ilikuwa mara ya kwanza. Upande mmoja hutoa mchele, upande mwingine maji, mchele vibaba ishirini na maji vibaba arobaini, na chungu hupikwa mbele ya wote. Wali ukiiva, wakubwa wa pande zote hula sahani moja na mateka hufunguliwa. Ukitoka mbichi, au ukitoka uji, basi kuna aliyekuja na moyo mbaya. Chungu hupinduliwa, na mateka haoni jua la pili. Wakamchagua Siwema apike, kwa kuwa kila upande ulimhesabu wake, na kila upande ulimtilia shaka.

Siku yenyewe walikutana kwenye mchanga, kivukoni. Wanaume walikaa safu mbili, mapanga yamelazwa magotini. Kibwana aliketishwa nyuma ya Mzee Ungando. Dimbwini walimwaga maji yao kwanza, kifuu kwa kifuu, wakihesabu kwa sauti mpaka arobaini, na moto ukachochewa. Kisha Mzee Mkopi, mkuu wa Vichakani, akaleta mchele, naye akaanza kupima kwa kibaba chake cha mti, kila kimoja na kilele chake.

Siwema alipoona kilele cha kwanza akapiga hesabu. Vibaba ishirini vile vilikuwa thelathini vya Dimbwini, na mchele wa thelathini unataka maji sitini. Maji yalipungua vibaba ishirini. Akanyanyua mkono wazee wasimame kidogo, halafu akaushusha. Angesema nini? Akidai maji zaidi, amewaambia wakwe zake kwamba kifuu chao ni cha kupunja. Akisema mchele upunguzwe, amewaambia wa kwao kwamba wamezidisha kwa hila. Neno lolote lingeokota panga. Akauacha mchele umiminwe wote.

Maji yalikuwa yameanza kutoa mvuke. Mchele ulijaa chungu, maji yakabaki juu yake kama utando. Na hata hesabu ya ishirini haikufaa tena, maana moto ulikuwa umekunywa sehemu yake na hakuna aliyejua ni vibaba vingapi. Mzee Mkopi akamwambia afunike. Siwema alishika mfuniko. Akamtazama kaka yake, na Kibwana akaangalia pembeni ili asimtie dada yake woga. Hapo ndipo Siwema alipouweka mfuniko chini.

Akakunja kanga mkononi, akainama, akatumbukiza kidole.

Watu walishtuka. Maji yalikuwa ya moto, akauma meno, akakishikilia mpaka ncha ikagusa mchele. Hayakufika hata nusu ya pingili. Mzee Ungando alikuwa ameshasimama, panga mkononi.

"Mke wa mwanangu," akasema, "unachafua chungu cha sulhu? Au unasema kibaba chetu ni kidogo?"

"Baba, sijakitaja kibaba cha mtu," Siwema akajibu. Kidole kilikuwa kimeshaanza kuiva. "Maji hayatoshi. Mama yangu ni wa Vichakani. Wanangu ni wa Dimbwini. Kidole hiki ni cha nani kati yenu?"

Wangejibu nini? Kila upande ukisema ni cha wenzao umemkana mtu wake, na ukisema ni chake umekubali kipimo.

Basi Siwema akaomba maji, na akaomba kila mkuu alete mwenyewe, kwa zamu, bila kuhesabu. Mzee Ungando akalaza panga mchangani akainama mtoni. Mzee Mkopi akamfuata. Walimwaga, Siwema akatia kidole; walimwaga tena, akatia tena. Mara ya tano maji yakafika pingili ya kwanza, sawasawa. Akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, akakaa chini kando ya chungu.

Ule muda wa kungoja sikwambieni. Siwema alisikiliza chungu kikichemka, kikapunguza sauti, kikanyamaza, na akili ikawa inamwambia umeungua, mara ikamwambia haujaiva. Alipofunua, macho aliyafumba. Mzee Mkopi ndiye aliyechota na mwiko. Wali ulidondoka punje punje, umeiva mpaka kiini.

Wazee wawili wakala sahani moja, taratibu, bila kusema kitu, na Mzee Ungando akamkata kamba Kibwana kwa mkono wake. Kibwana akapewa tonge. Akatafuna, akameza, akamtazama dada yake.

"Siwema," akasema, "chumvi umemwachia nani?"

Na kweli, alikuwa amesahau. Wazee wale wawili walikuwa wamekula wali chapwa kabisa, usio na chumvi, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Mzee Mkopi akaanza kucheka, Mzee Ungando akafuata, na Siwema akalia kwa sauti mbele ya miji miwili, hakujali.

Na tangu siku hiyo, wapishi wa pande zote mbili za mto hawaulizani tena kibaba cha nani ndicho kibaba. Mchele ukishatiwa maji, kidole kinashuka, na pingili ya kwanza ndiyo inayosema. Sisi tunakitia maji yangali baridi, maana tuna hiari hiyo. Siwema hakuwa nayo. Ukucha wa kidole kile haukuota tena. Hakukificha, alipimia wali nacho mpaka uzeeni, na Kibwana alivuka mto kuja kuula.