Mheshimiwa na Daraja la Akina Mama

Lugembe alikaa bungeni vipindi vitatu bila kujenga hata choo cha shule, wapigakura wakamwangusha. Uchaguzi uliporudi, naye alirudi kijijini na kumfuata Nshoma, fundi mwashi.

"Chonga jina langu kwenye daraja," alimwamuru. "Andika kwamba nimelijenga mimi."

"Mheshimiwa, lile tulilijenga sisi akina mama."

"Usipochonga, nikirudi bungeni nalifunga tanuri lako la matofali."

Nshoma aliinamisha kichwa. "Nitachonga. Ila kwanza wananchi wakusikie mwenyewe."

Jumamosi kijiji kizima kilikusanyika darajani. Lugembe alishika kipaza sauti. "Kila jiwe la daraja hili nimelisimamia mimi!"

Nshoma alimsogelea kwa adabu. "Lori la matofali liko tayari, Mheshimiwa. Desturi yetu, aliyejenga daraja hupanda lori la kwanza kulivuka. Nguzo ya kati inatikisika, lakini wewe uliyeijenga unaijua."

Lugembe alilitazama lori, akautazama mto.

"Nani kasema nimejenga mimi?" aliuliza, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni. "Wamejenga hawa wanawake, tena kwa mchanga wa kuokoteza. Mimi sijawahi kuleta hata mfuko wa saruji."

"Tumekusikia, Mheshimiwa," alisema Nshoma.

Akapanda lori, akavuka. Nguzo haikutikisika hata kidogo.

Lugembe alikuwa na mkutano mwingine ng'ambo. Aliona aibu kulikanyaga daraja mbele ya watu, akavua viatu, akakunja suruali, akapita majini.