Kwa Nini Mlango wa Mnana Uko Chini ya Nyumba

Aliye na kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Habari yenyewe ni ya mnana, yule ndege mdogo wa manjano mwenye kelele, na ni ya zamani sana, wakati alipokuwa hajui kufunga hata fundo moja.

Siku hizo mnana aliishi chini, kama kanga. Alikuwa na ua wake nyuma ya majiko ya watu, ameuzungushia vijiti vizuri, na ndani palikuwa peupe pamefagiwa. Mkewe aliitwa Zuwena. Walikuwa wameoana karibuni, na Zuwena alipouona ule ua mara ya kwanza alifurahi kweli, akasema hapa tutalea mpaka wajukuu.

Basi siku moja Mnana alikwenda jalalani kutafuta punje, akakuta kifuu cha nazi kimetupwa na ndani yake umeota mkwaju. Mbuzi walikuwa wameutafuna mwaka hadi mwaka, mpaka ukakata tamaa ya kurefuka. Shina lake lilikuwa nene, limepinda, lina makunyanzi kama goti la mzee, lakini mti mzima haukumfika kanga kifuani. Mnana alikaa akautazama mpaka akasahau punje zake. Mti mkongwe, wenye matawi yote na majani yote, na unaweza kuuzunguka kabla hujapumua. Akauburuta mpaka nyumbani.

"Ni huu mmoja tu," alimwambia mkewe.

Mmecheka. Kumbe na nyie mnamjua mtu wa namna hiyo. Katika nyumba nyingine huwa ni njiwa, katika nyingine ni redio mbovu za kufungua na kufunga. Kwa Mnana ilikuwa miti mifupi. Baada ya mkwaju ukaja mkungu, kwa sababu mkwaju ukiwa peke yake utapooza. Baada ya mkungu ukaja msufi, kwa sababu ile miwili ilikuwa inatazamana vibaya. Halafu mvinje, halafu mzambarau, halafu mingine ambayo hata yeye hakujua majina yake, na kila mmoja ulikuja na sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri ukimsikiliza mwenyewe. Vifuu vilianza kwa kupangwa pembeni, vikasogea katikati, vikafika mpaka mlangoni.

Na kazi yake si ndogo, tusimwonee. Kifuu hakikai na maji, kwa hiyo alfajiri anamwagilia na alasiri anamwagilia, akibeba maji kwa mdomo kutoka kisimani. Mti unaoanza kujiona mrefu anaukata ncha. Mwingine anaung'oa, anaupunguza mizizi, anaurudisha. Majani yakizidi ukubwa anayanyofoa yote ili yaote madogo. Tawi lisilotaka kuinama analifunga kwa nyuzi za makuti, analivuta kidogo leo na kidogo kesho mpaka likubali, na hapo ndipo alipojifunza mafundo. Kisha kila asubuhi anavizungusha vifuu vyote, kimoja baada ya kingine, ili jua lisiupendelee mti upande mmoja. Akimaliza cha mwisho, cha kwanza kimeshakauka.

Nisiwafiche, palipendeza. Ukisimama mlangoni uliona msitu mzima umekaa chini ya shingo yako. Shida ilikuwa kuingia. Mgeni aliambiwa abane mabawa, apite kwa ubavu, na asipumue karibu na mvinje. Akiomba maji analetewa, lakini anaoneshwa kwanza mti wa kumwagilia. Wageni wakapungua, akabaki jirani yao Bi Kanga tu, ambaye naye alikuwa na tabia ya kupekua udongo, kwa hiyo alipokelewa nje.

Mdogo wake Zuwena alipoolewa, Mnana hakwenda harusini. Alisema mzambarau umeanza kutoa maua na hauwezi kuachwa katika hali ile. Zuwena akaenda peke yake, na kwa aibu akawaambia ndugu zake kwamba mumewe anaumwa. Kesho yake wakaja na uji wa mgonjwa, wakamkuta anaupepea mkungu kwa bawa huku anauimbia. Waliweka uji chini wakaondoka bila kuaga. Mnana akauonja, akaona ni mwepesi na mzuri, akaumwagia mkwaju.

Zuwena alivumilia yote hayo mpaka ilipofika siku ya kutaga.

"Mume wangu, naomba unipishe nipate mahali," alisema. "Yai liko njiani."

"Subiri kidogo, mama," alijibu Mnana bila kugeuka. "Msufi umetoa chipukizi hapo ulipo. Ukisogea tu utalivunja."

Yai nalo halijui kusubiri kidogo. Zuwena aliuzunguka ua wote kwa ubavu akitafuta pa kukaa, hakupata hata upana wa kiganja. Mwishowe alitaga kwenye upenyo baina ya vifuu viwili, yai moja jeupe, akalifunika kwa majani makavu. Njaa ilikuwa imembana, akatoka mara moja kutafuta chakula. Aliporudi, yai halikuwepo.

Alilia mpaka sauti ikakauka. Watu wakamshuku Kenge, ambaye kwa mayai hana jina zuri, lakini Kenge aliapa kwa watoto wake kwamba hajafika mtaa ule tangu masika. Msako ukaendelea, leo na kesho na keshokutwa. Na Mnana alitafuta kwa moyo wake wote, mimi sisemi uongo. Hata kula alikuwa hali vizuri. Alipiga kelele kuliko wote, mabawa juu, "Mtoto wangu jamani, mtoto wangu wa kwanza," kisha akashusha sauti, "Angalieni msikanyage vifuu." Asubuhi na alasiri alisimamisha msako, akamwagilia, akarudi kulia.

Kwa kuwa ni msiba, hata Bi Kanga aliruhusiwa kuingia uani. Alikuwa akipita akichungulia huku na huku, akafika kwenye mkwaju akasimama.

"Bwana Mnana," alisema, "naona si wakati wake, lakini huu mkwaju umekaa vizuri. Hili jiwe chini yake ulilitoa wapi?"

Na Mnana, machozi bado yakimtiririka, hakuweza kujizuia. "Umeliona, Bi Kanga? Nililiokota hapa hapa uani, siku ile ile ya balaa, nilipokuwa nafagia majani makavu. Tazama lilivyo na umbo. Kila asubuhi naligeuza lisikae upande mmoja, na nalimwagilia sawasawa na mti wenyewe. Ndiyo maana limeanza kushika ukijani kama mawe ya kisimani."

Kenge, aliyekuja kusafisha jina lake, aliangalia pembeni kwa haya. Zuwena alikwenda mpaka kwenye mkwaju, safari hii bila kupita kwa ubavu, mabawa wazi, vifuu vikianguka kushoto na kulia. Alilifuta lile jiwe kwa shavu lake, akasikiliza, akakaa juu yake.

"Umemfanya mwanangu pambo la mti," alisema.

Mnana alitaka kusema hakujua, na ni kweli hakujua, lakini alipoisikia sentensi hiyo kichwani mwake aliona ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Jioni ile Zuwena alilibeba yai lake akahamia kwa mjomba wake, Hondohondo, na Mnana akalala peke yake katikati ya msitu wake. Kwa mara ya kwanza aliuona ua ule ni mkubwa.

Kikao kikaitishwa. Hondohondo alikuwa mkubwa wa ukoo, mwenye mdomo mkubwa na maamuzi ya kulingana nao. Alisikiliza pande zote mbili, akainamisha kichwa kwa uzito, akasema, "Mwanangu Zuwena, mimi sioni kosa kubwa. Yai amelipatia jua, amelipatia maji, amelisafisha na kuligeuza kila siku. Niambie kina baba wangapi wanafanya hivyo. Rudi nyumbani kwako. Mimi mke wangu nimemziba ndani ya shimo la mti, nimemwachia upenyo wa kupokelea chakula tu, na hamjamsikia akilalamika."

"Hatumsikii kwa sababu umemziba, mjomba," alisema Zuwena kwa heshima zote.

Wazee wakakohoa, mmoja akaanza kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Hondohondo alisema basi, kama ana lake aliseme, na yeye Mnana asikilize.

"Namtaka mume wangu," alisema Zuwena. "Sikuja hapa kumkataa. Lakini nataka nyumba ambayo kifuu hakiwezi kukaa. Aitundike hewani, mwisho kabisa wa tawi. Na nikifika niikague mwenyewe kabla sijaingiza mwanangu. Nisiporidhika, anaibomoa mbele yangu. Na yai haligusi tena."

Mnana alikubali kabla mkewe hajamaliza. Kukubali kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kurudi uani, kufungua fundo baada ya fundo, na kuupeleka kila mti ukingoni mwa mto ukaote kwenye udongo usio na mwisho. Mingine ilimshukuru kwa kutia majani papo hapo. Mkwaju aliuacha wa mwisho. Alipoufungua nyuzi tawi lake la chini liliruka juu, kama mkono wa mtu aliyechoka kushikwa, na Mnana alilia sana, maana aliupenda kweli na sitaki mtu amcheke kwa hilo. Uani likabaki rundo la nyuzi za makuti. Alilitazama rundo lile, akatazama mgunga uliosimama kando ya kisima, akaanza kuzibeba.

Ile nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri sana, na si ajabu, kwani mafundo alikuwa ameyafanyia mazoezi miaka. Ilikuwa kama kikapu, mlango juu, mpana. Zuwena akaja, akaingia, akakaa ndani muda. Mnana alikuwa nje anaimba. Zuwena alipotoka alikuwa na mche wa mkungu mdomoni, mdogo, wenye majani mawili.

"Ni huo mmoja tu," alisema Mnana kwa sauti ndogo.

"Bomoa," alisema Zuwena.

Alibomoa uzi kwa uzi, Zuwena amekaa tawi la pili akihakikisha. Kisha akaanza upya, na safari hii Zuwena ndiye aliyesema mlango ukae wapi. Ukae chini kabisa, nyumba itazame ardhi, ili chochote kitakachowekwa mlangoni kianguke. Nyumba ilipokwisha akaingia, akavuta ukuta huu, akavuta ule, akainusa dari. Mnana hakuimba. Alijua kwamba akiambiwa abomoe tena hatakuwa na pumzi ya tatu. Halafu akaona mkia wa mkewe ukigeuka ndani, na Zuwena akatokeza kichwa akamwambia mjomba wake Hondohondo, aliyemsindikiza, alete yai.

Likaanguliwa, tena bila matatizo, kwa msaada wa lile jua lililolipata uani. Kifaranga kilitoka mdomo wazi na hakikuufunga. Mnana akagundua kwamba hiki nacho kinataka kulishwa alfajiri na alasiri, na hakikubali kukatwa ncha.

Na tangu siku hiyo dume la mnana ndilo linalosuka nyumba, likiitundika mwisho wa tawi, mlango chini, mahali ambapo huwezi kuweka hata kisoda. Kabla ya kuanza hunyofoa majani ya tawi zima, maana mdomo wake haujasahau kazi, na wenye miti huja kumrushia mawe wakidhani ana uharibifu tu. Jike likifika huingia na kukagua kila uzi, na likishuku lolote hutoka, na dume hubomoa. Zile kelele zinazowaamsha asubuhi, mkasema wanagombana, ni madume yote kwa pamoja yanaapa kwamba safari hii humo ndani hakuna mche. Mayai yao bado yana ukijani. Jike likiridhika hukaa humo na kuatamia peke yake, na dume hunyamaza. Mtaliona limening'inia kichwa chini pale mlangoni, linalitazama yai lake kwa muda mrefu, na haliligusi.