Mlango wa Mzee Evod

Wahenga waliposema la kuvunda halina ubani, walimaanisha kwamba kitu kilichokwisha kuoza hakiponi kwa kufukiziwa manukato. Harufu hufichika kwa muda, uozo hubaki pale pale. Valeriani wa Ifakara aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Lakini kujua ni jambo moja, na kukubali yanapokufika mwenyewe ni jambo jingine kabisa.

Valeriani alirithi kwa baba yake, marehemu Mzee Evod, nyumba ya ghorofa moja iliyojaa wapangaji. Wote walipikia chini, katika jiko la pamoja, na kulala juu. Kati ya jiko na ngazi palikuwa na mlango mnene wa mbao ambao Mzee Evod aliutengeneza kwa mikono yake ili jiko likishika moto, moto usiifikie ngazi. Ulikuwa na springi. Ukiuachia tu, unajifunga wenyewe. Huko juu aliishi pia Mama Agnella, mjane wa Mzee Evod na mama mzazi wa Valeriani, ambaye miguu ilimwishia nguvu na hakuweza kushuka bila kubebwa.

Mchwa nao waliupenda mlango ule. Kila masika, bonde lilipojaa maji na unyevu ukatambaa ukutani, matundu mapya yalionekana. Valeriani alikuwa akienda gereji kuomba oili chafu, akayamiminia matundu, maana ndivyo watu wanavyofukuza mchwa kwenye nguzo na boriti. Kisha aliyaziba kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi nyekundu. Mlango uling'aa kama bibi harusi, naye akarudi nyuma hatua chache kuutazama huku akitabasamu.

Siku moja Dativa, ofisa wa zimamoto, alikuja kukagua. Baada ya kumwamkia mwenye nyumba, aligonga mlango kwa kidole, akatega sikio, akagonga tena.

"Baba, bawaba ikilegea tunakaza, springi ikichoka tunaweka nyingine. Hayo ni matengenezo, wala sina ugomvi nayo. Lakini mwili wenyewe wa mlango huu umekwisha. Weka mwingine."

"Binti yangu, hii ni mikono ya marehemu baba. Nitautengeneza tu."

"Mzee, hata sisi tunaogopa," alidakia mpangaji wake Mashimba, Msukuma aliyefanya biashara ya mpunga. "Bibi yuko kule juu."

"Wewe Mashimba ng'ombe wako akizeeka unamchinja. Mimi sichinji kumbukumbu ya baba yangu!"

Watu walicheka, na neno likaishia hapo. Jioni Valeriani akarudi na kopo la oili.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Kabula, mke wa Mashimba, alikuwa akikaanga maandazi, mara mafuta ya kwenye karai yakalipuka. Alitoka nje akipiga mayowe, na wapangaji waliokwisha kushuka wakakusanyika uani. Mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa, na ulimi mmoja tu wa moto uliugusa chini. "Utahimili," alisema Valeriani, akichungulia kutoka uani.

Lo! Walichokiona hapo hawakuwahi kukiona. Mlango haukuungua kama mbao; uliwaka kutoka ndani. Kila tundu alilolimiminia oili lilitoa kijimoto chake, moja baada ya jingine, mpaka mlango mzima ukawa kama altare ya kanisani yenye mishumaa. Kisha rangi ilijikunja, ikadondoka, na nyuma yake hapakuwa na mbao. Palikuwa na udongo: vyumba, njia na nguzo nyembamba, mji mzima ambao mchwa waliujenga kwa subira miaka yote ile. Watu walisimama vinywa wazi. Kumbe walikuwa wakijikinga kwa kichuguu kilichovishwa rangi!

Mji ule uliporomoka, na moshi ukapanda ngazi.

"Mama!" Valeriani alikimbilia mlangoni, joto likamrudisha. Mashimba alikuwa tayari ameegemeza ngazi ya fundi dirishani. Alipanda, akaingia, na kitambo kidogo baadaye alishuka na Mama Agnella mgongoni, amefungwa kwa kitenge, akikohoa lakini mzima. Zimamoto walipofika, jiko na ngazi vilikuwa majivu.

Valeriani alipiga magoti mbele ya mama yake, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, Mama. Nilikuwa nautunza mlango wa baba."

Mama Agnella alimshika kichwa kwa mkono uliojaa masizi.

"Mwanangu, baba yako aliuweka mlango unilinde mimi. Wewe ukaulinda mlango, mimi ukaniacha."

 Kweli, la kuvunda halina ubani.